Doctor X ya 1932: ile rangi ni ya kweli? Na hiyo "nilienda Afrika" ya yule profesa mmeichukuliaje?

KibatariChaZamani:

Wakuu heshima kwenu. Hii ni kwa wenzangu na mimi wa muvi za kizamani, zile ambazo mtu akikukuta unaangalia anakuuliza hiyo TV imeharibika au vipi. Vijana wa Marvel piteni kimya kimya.

Nimeangalia Doctor X ya studio ya Warner, ya mwaka 1932. Kwa ambao hamjaiona, kuna muuaji pale New York anaua watu mwezi ukiwa mpevu, ameshamaliza sita, na maiti zinakutwa zimekatwa kitaalamu na kuna nyama imeliwa. Polisi wakifukua fukua wanagundua kisu kinachotumika ni cha upasuaji wa ubongo na kipo kwenye taasisi moja tu, bosi wa hiyo taasisi ndo Dokta Xavier (Lionel Atwill), anawaomba wampe saa 48 amtafute mwenyewe taratibu asije akachafua jina la taasisi. Sasa ukiangalia maprofesa walio chini yake hakuna mzima hata mmoja, mmoja anasomea ulaji wa watu, mwingine mionzi ya mwezi, mwingine alishapotea baharini na wenzie na kuna mmoja hakuonekana tena na waliorudi hawaeleweki walikula nini huko, mmenielewa. Basi Xavier anawabeba wote hadi kwenye jumba lake juu ya mwamba kando ya bahari huko Long Island, anawafunga kwenye viti, anawaunganishia mitambo ya kupima mapigo, halafu anawaigizia yale mauaji mbele ya macho yao ili aone moyo wa nani utaruka.

Maswali yangu.

La kwanza, hii muvi ina rangi. Sio nyeusi na nyeupe, rangi kabisa, mashavu ya Fay Wray (anayeigiza Joan, binti wa Xavier) yana wekundu, maabara ina kijani cha ajabu ajabu hivi. 1932! Kuna watu walikaa wakaipaka kwa kompyuta au ilitoka hivyo hivyo?

La pili, muuaji akishajulikana anaanza kumwaga siri zake huku anajisifia, na anasema eti ndo maana alienda Afrika, kuchukua sampuli za nyama ya watu ambayo wenyeji wa huko wanakula. Nikasimamisha, nikarudisha nyuma, nikasikiliza tena. Ndo hivyo hivyo alivyosema. Nyie mliielewaje hii?

La tatu ni la nyongeza tu, wote wanasema hii ni muvi ya mwanasayansi kichaa. Kichaa yupi sasa? Maana jina la muvi linamtaja Xavier na muuaji sio Xavier.

Nawasilisha.

chumvi_nyingi:

Ngoja waje wajuvi. Mimi nimeweka kigoda hapa.

SauMwembe:

We jamaa umetumalizia muvi yote kwenye aya moja, ungetuwekea basi alama ya tahadhari

KibatariChaZamani:

@SauMwembe dada yangu muvi ina zaidi ya miaka 90, na bado sijataja muuaji ni nani. Shukuru.

MzeeWaMashine:

Mkuu Kibatari, rangi ni ya kweli, ilitoka hivyo hivyo studio, hakuna kompyuta iliyoigusa zaidi ya kusafisha.

Hiyo ni Technicolor ya rangi mbili. Wengi tunaijua ile ya rangi tatu iliyokuja baadaye, ambayo mwaka huo huo wa 1932 ndo kwanza Disney alikuwa anaijaribu kwenye katuni fupi, muvi ndefu ya kuigizwa ya rangi tatu mwanzo mwisho ikaja 1935. Kabla ya hapo kulikuwa na hii ya mbili. Kamera ilikuwa na prizimu ndani, inagawa mwanga mara mbili, nusu inapitia filta nyekundu nusu filta ya kijani, na zote mbili zinaingia kwenye ukanda mmoja wa filamu ya nyeusi na nyeupe. Kwa hiyo kamera yenyewe haijawahi kuona rangi, imeona vivuli viwili tofauti vya kitu kimoja. Rangi inaingia maabara, wanatengeneza ukanda wa kuchapia kwa kila upande, mmoja unaloweshwa rangi nyekundu yenye machungwa, mwingine kijani chenye ubuluu, halafu zinakandamizwa kwa zamu kwenye filamu safi, sawa na fundi anavyopiga chapa khanga rangi moja baada ya nyingine. Zikikaa pembeni kidogo tu picha inakuwa na ukungu wa rangi kandokando, na ukiwa na jicho kali utaona sehemu sehemu.

Sasa rangi mbili haziwezi kukupa kila kitu. Njano ya kweli hupati, zambarau hupati, anga la buluu sahau. Unachopata vizuri ni ngozi ya mtu na kijani kilichooza. Na ukitaka kumtisha mtu hivyo viwili vinakutosha kabisa! Mwongozaji Curtiz (ndiyo, huyu huyu Michael Curtiz aliyekuja kuongoza Casablanca miaka kumi mbele) alijua hilo, na mpiga picha Ray Rennahan alijua zaidi, mwanga wa maabara wote umeegemezwa kwenye kijani ili rangi ya mwili ijitokeze peke yake. Ndo maana kile kipande cha mwishoni kinakaa kichwani. Muuaji anaingia kwenye kachumba kake, anachota lile rojo kwenye bakuli kwa vidole, anajipaka usoni tonge tonge, anajibandika mkono kwenye kigutu, anausogeza kwenye mtambo wa umeme hadi vidole vinaanza kucheza, na muda wote huo anajisemea kwa sauti ya chini, nyama ya kutengeneza, nyama ya kutengeneza. Kwenye nyeusi na nyeupe lile ni tope tu. Kwenye rangi ni nyama.

Na unaweza kujiuliza, kwa nini Warner wakapoteza hela ya rangi kwenye muvi ya kutisha kipindi cha mdororo wa uchumi? Jibu ni mkataba. 1929 wao ndo walitoa muvi ndefu ya kwanza yenye sauti na rangi mwanzo mwisho, wakaona wameokota almasi, wakasaini na Technicolor muvi kibao za kuimba na kucheza. Haikupita miaka miwili watu wakachoka na zile nyimbo, hela mifukoni hamna, lakini mkataba upo pale pale na lazima utumike. Wakautumia kwenye vitisho. Ukitaka kusema rangi ya Doctor X ni deni lililokuwa linalipwa hutakuwa umekosea sana.

Halafu kuna jambo lingine, muvi zilikuwa mbili. Walipiga ya rangi na pembeni yake ikapigwa ya nyeusi na nyeupe, kwa ajili ya miji midogo na kwa ajili ya nje ya Marekani, kwa sababu printi za rangi zilikuwa ghali. Hiyo ya nyeusi na nyeupe ndo ilibaki inazunguka kwenye TV miaka na miaka, ya rangi watu wakajua imeshapotea. Hadi alipokufa Jack Warner, bosi wa studio, mwaka 1978, kwenye vitu vyake binafsi ikakutwa printi ya rangi. Watu wa hifadhi ya filamu ya UCLA, chuo kikuu cha Los Angeles, wakaitunza, na miaka ya karibuni wameisafisha upya kwa mitambo ya kisasa, nina uhakika hiyo ndo uliyoangalia wewe maana ya zamani ilikuwa na madoa mpaka basi.

KibatariChaZamani:

Umetisha mkuu. Yaani mzee alikuwa kaikalia tu nyumbani kwake?

MzeeWaMashine:

Yeye ndo mwenye studio. Sio hii tu, ile pacha wake, Mystery of the Wax Museum ya 1933, nayo ilipotea ikaja kukutwa kwake huko huko.

tabibu_wa_zamu:

Naomba niingie upande wa sayansi maana hapa ndo nyumbani.

Watu huwa wanaziangalia hizi muvi wanasema upuuzi mtupu, kumbe waandishi walikuwa wanasoma magazeti. Mnakumbuka profesa Wells ana moyo kwenye chupa unadunda? Mtu wa New York wa 1932 akiona ile alikuwa anajua kabisa inatoka wapi. Pale pale mjini kwao kwenye taasisi ya Rockefeller kulikuwa na daktari Mfaransa, Alexis Carrel, aliyepata Nobel 1912 kwa kazi ya kushona mishipa ya damu. Mwaka huo huo alichukua kipande cha moyo wa kifaranga kilicho bado kwenye yai akakiweka kwenye chombo na lishe yake, na kikawa kinaendelea kukua. Magazeti yalikuwa yanaandika kuhusu hicho kitu kila mara. Kililelewa hadi 1946, Carrel mwenyewe alikufa 1944, tishu zimemzidi umri. Baadaye miaka ya sitini akaja mwanasayansi Hayflick akaonyesha seli za kawaida zinagawanyika idadi fulani zinakoma, kwa hiyo ile habari ya kutokufa haikuwezekana, na wengi wanahisi kwenye ile lishe walikuwa wanaingiza seli mpya bila kujua, au wengine wanajua ila wamenyamaza. Ila 1932 hakuna aliyejua hayo. Moyo kwenye chupa ilikuwa habari ya gazeti.

Ule mtambo wa mapigo nao ni hivyo hivyo. Kipimo cha kugundua uongo kilikuwa kimetengenezwa Berkeley mwaka 1921 na John Larson aliyekuwa polisi hapo, kinapima presha na kupumua. Muvi wakakichukua wakakiongezea mirija ya vioo yenye maji mekundu yanayopanda, kwa sababu kalamu inayochora mistari kwenye karatasi haimtishi mtu.

Na nyama ya kutengeneza, ambayo ndo ndoto yote ya Wells, ilikuja kweli kwa namna yake. 1981 Burke na Yannas kule Boston walitoa ngozi ya bandia kwa wagonjwa wa moto, imetengenezwa kwa kolajeni ya ng'ombe na kitu kinachotoka kwenye gegedu la papa, juu yake utando wa silikoni. Hawakuua mtu. Mimi nikifika pale anaposema ataifanya dunia ya vilema iwe nzima tena huwa nakaa kidogo, kwa sababu hilo ndilo lengo ambalo mtu yeyote wa wodi ya majeraha ya moto analo. Sentensi ya kabla yake ndo inayomhukumu, pale anaposema kuna tofauti gani kama watu wachache walikufa.

SauMwembe:

KWA HIYO NI WELLS 😩 asanteni sana

tabibu_wa_zamu:

Pole. Ila bado hujajua kwa nini hakushukiwa, na hiyo ndo tamu zaidi. Hana mkono mmoja! Muuaji kakaba watu kwa mikono miwili, kwa hiyo Wells peke yake hafungwi kwenye kiti, wanamwachia kazi ya kuhudumia mitambo. Sitasema zaidi.

MwanaWaKibokoni:

Asalaam aleikum wenyeji. Mimi ni mtu wa Mombasa na nataka kujibu swali la pili, maana naona wote mwalikwepa mwazungumza mitambo.

Hebu tuiweke sawa. Mzungu wa kwenye muvi asema Waafrika wala watu, ndipo akenda kwao kuchukua sampuli. Sawa. Lakini kwenye muvi nzima ni nani anayekula watu? Hakuna Mwafrika hata mmoja mle ndani anayeshika kisu. Anayeua, anayekata, anayekula, anayeweka kwenye chupa, ni profesa wa New York mwenye koti jeupe. Afrika imetajwa tu pale mwisho ili mtazamaji apate mahali pa kuutupa ule uchafu, ajiambie huyu mtu aliharibiwa na kule alikokwenda.

Sasa nyinyi mliolelewa na nyanya zenu pwani mwajua miaka hiyo hiyo huku kwetu stori ilikuwa ni gani. Mumiani. Usitoke usiku, mumiani wapita, wakikushika wakutoa damu wakaifanye dawa. Nairobi na Kampala waliitwa wazimamoto, watu wa gari jekundu la zimamoto, ati wana mashimo ndani ya kituo wakishika mtu wamtia humo. Katanga kulikuwa na batumbula, Rhodesia ya Kaskazini banyama. Jina tofauti, kazi moja, wachukua miili ya watu weusi kwa ajili ya dawa za wazungu. Kuna mwanahistoria Mmarekani, Luise White, aliandika kitabu kizima juu ya haya, kilitoka mwaka 2000, alihoji wazee Kenya na Uganda na akachimbua makaratasi ya serikali za wakoloni. Na yeye hasemi wazee walikuwa wajinga. Asema watu walikuwa wakieleza kwa lugha yao vile kazi na hospitali na serikali ya mkoloni zilivyowakaa mwilini.

Kwa hiyo kaa ukitafakari, 1932, mtu yuko kwenye kiti cha sinema New York aambiwa Waafrika wala watu na daktari amekwenda kuchukua sampuli, na wakati huo huo mtu yuko barazani Mombasa asema madaktari wa kizungu watoa watu damu. Wote wawili wazungumza juu ya daktari yule yule. Wa Mombasa angeangalia hiyo muvi wala asingeshangaa, angesema si niliwaambia.

chumvi_nyingi:

Hapa kigoda nakipeleka mbele zaidi

Kamusoko77:

Niaje wasee. Mimi sioni haja ya kuingiza siasa kwa hii kitu. Muvi zote za hiyo enzi zilikuwa hivyo, Afrika ni mahali pa kutoa vitisho, ukitaka laana unaitoa Misri, ukitaka mtu kugeuka mbwa mwitu unampeleka Tibet. Ni laini moja tu, mtu alihitaji kuelezea nyama ilitoka wapi, akaandika Afrika, akaenda lunch. Mngesema hata Tahiti pia inatajwa, mbona hamlii juu ya Tahiti.

Swali langu ni lingine kabisa, ni nini inafanya huyo mwandishi wa habari asinyamaze? Muvi ya kutisha lakini huyo Lee Tracy anaongea kutoka mwanzo hadi mwisho, mara amelala mochwari na shuka amejifunika ajifanye maiti ili asikize polisi, mara ana kale kadude ka kukushtua mkono ukimsalimia, nilikuwa nataka auliwe wa kwanza.

MzeeWaMashine:

@Kamusoko77 huyo ndo malipo ya sauti. Sauti ilikuwa na miaka minne mitano tu kwenye biashara, mtu amelipia asikie watu wakiongea, na kama kuna kitu Warner walikuwa wanakiuza ni mtu anayeongea haraka. Mwandishi wa habari mdomo mrefu alikuwa kwenye nusu ya muvi zao. Na kwenye muvi za kutisha walihofia watu wakikaa kimya muda mrefu wataanza kucheka mahali pasipostahili, kwa hiyo wanakuwekea wa kucheka naye kabisa. Frankenstein ya Universal mwaka mmoja kabla haina muziki karibu muda wote, ukimya mtupu, na inatisha zaidi kwa sababu hiyo hiyo. Mimi pia Tracy simpendi, ila angalia kitu kimoja, ndiye pekee kwenye lile jumba ambaye hajafungwa na kusoma kwake. Wasomi wote wamejifunga kwenye viti.

tabibu_wa_zamu:

@Kamusoko77 kuhusu laini moja. Ni kweli ni laini moja. Ila hebu angalia kilichokuwa kinaendelea nje ya jumba la sinema mwaka huo huo. 1932 ndo serikali ya Marekani kupitia idara yake ya afya ilianza ule utafiti wa Tuskegee, Alabama, wanaume weusi kama 600, karibu 400 wana kaswende, wakaambiwa wanatibiwa "damu mbaya" kumbe wanaangaliwa tu ugonjwa unavyowamaliza. Penisilini ilikuja wakanyimwa. Ukaendelea hadi 1972 gazeti lilipoutoa. Sisemi aliyeandika muvi alijua, hakujua. Nasema yule daktari anayesema kuna tofauti gani wakifa wachache hakuhitaji kupanda meli.

Kamusoko77:

Sawa hiyo nimekubali ni nzito. Lakini bado ni muvi ya mwezi na nyama ya bandia bana.

MwanaWaKibokoni:

@Kamusoko77 ndugu yangu, Tahiti nayo walie Watahiti wenyewe 😂 mimi nalia changu. Na usisahau mtazamaji huyo wa 1932 alikuwa ametoka kuangalia Trader Horn ya MGM, ya 1931, hiyo ilipigwa picha huku huku kwetu kweli, Kenya, Uganda, Tanganyika na Kongo, wakamchukua hadi na mwigizaji Mutia Omoolu wakaenda naye Hollywood kumalizia. Ile ilijaza watu kweli kweli. Kwa hiyo neno "Afrika" likitajwa kwenye Doctor X halihitaji kuelezwa, picha tayari ziko kichwani. Laini moja yatosha kwa sababu kazi ilikwisha kufanywa kwingine.

KibatariChaZamani:

Nimeridhika na la pili, mwana wa Kibokoni nakupa heshima yako. Nilikuwa naiona ile laini ni tusi tu nikataka kuzima, sasa nataka niirudie tena niangalie nani anakula nani. Limebaki la tatu, kichaa ni yupi.

SauMwembe:

Nimeangalia sasa hivi maana mmeshaniharibia kila kitu kilichobaki ni kuona kwa macho. Naomba nijibu mimi.

Kichaa ni XAVIER. Wells ni muuaji, sawa, ana wazimu wake, ila angalieni huyo baba. Jaribio la kwanza taa zinazima, zikiwaka mmoja wa maprofesa wake keshakufa. Mtu yeyote mwenye akili angeita polisi. Yeye anasema turudie! Na safari hii mfanyakazi wa ndani aliyeigiza marehemu mara ya kwanza kagoma, ana akili kuwazidi maprofesa wote mle ndani, kwa hiyo anamlaza binti yake wa kumzaa pale kitandani aigize maiti. Binti yake! Halafu anajifunga na yeye kwenye kiti kwa pingu pamoja na wenzie ili kipimo kiwe cha haki. Kwa hiyo Wells anaingia na lile sura lake la matonge, anamwendea Joan, na baba mtu yuko mita chache pale anapiga kelele amefungwa na pingu zake mwenyewe na hana la kufanya. Nilikuwa nampigia kelele kwenye simu.

Na muvi inamalizika hakuna hata mtu mmoja anayemuuliza mzee ulikuwa unafikiria nini. Aliyemuokoa binti ni yule mmbea wa gazeti, kajificha katikati ya masanamu, anarusha taa, Wells anashika moto na kutoka dirishani hadi kule chini kwenye miamba. Baba anabaki dokta anayeheshimika vile vile.

MzeeWaMashine:

Nakuunga mkono kwa asilimia zote. Na Atwill anaicheza hivyo makusudi, ukimwangalia macho wakati mirija inapanda, ana furaha. Sio furaha ya kumkamata muuaji, ni furaha ya mtambo kufanya kazi.

tabibu_wa_zamu:

Siafiki. Xavier ni mbishi na mjinga wa kitaalamu, hao tunao kila idara, wanaamini kipimo kuliko mgonjwa. Kichaa ni yule anayejua anachofanya ni kuua na ameshapiga hesabu akaona inalipa. Msiwachanganye.

SauMwembe:

Daktari unatetea mwenzio hapo. Ukishamweka mwanao kwenye meza baada ya mtu kufa mbele yako huo ubishi umevuka.

Kamusoko77:

Mimi nimeelewa kwamba niangalie tena nikiacha kuchukia Lee Tracy. Kuna nyingine ya hii team?

MzeeWaMashine:

Ipo, ndo hiyo Wax Museum niliyoitaja. Curtiz, Atwill na Fay Wray tena, rangi mbili tena, na ndo ya mwisho ya studio kubwa kwa teknolojia hiyo. Safari hii Atwill ndiye mwenye mkono wa damu kwa hiyo ule mjadala wenu hautakuwepo. Taa za Technicolor zilikuwa na joto kali kiasi kwamba masanamu ya nta yaliyeyuka wakati wa kupiga picha, kwa hiyo mengi unayoyaona mle ni watu wamesimama wamebana pumzi, ukikodoa unaona wanavyotikisika. Itafute ile iliyosafishwa na UCLA. Ila ukikutana na The Return of Doctor X ya 1939 usidanganyike na jina, haina uhusiano wowote na hii, ni Humphrey Bogart kapakwa poda na mchirizi mweupe kwenye nywele anatafuta damu, na anaonekana kabisa anataka kwenda nyumbani.

chumvi_nyingi:

Ya Bogart naitaka hiyo hiyo. Aliyenayo anitumie.